Pensheni ndogo, siku ileile: shirika la kijijini na kaya za bibi na wajukuu

Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, magari huingia vijijini na khanga, sukari, unga wa sembe na mpiga picha. Wazee hupangwa kwenye viti vya plastiki, hupokea, hushukuru. Kilo mbili za sukari huisha kabla mwezi haujaisha, na gari halionekani tena mpaka Oktoba nyingine. Sina ugomvi na zawadi. Mzee aliyepewa khanga hufurahi kweli. Lakini anayetaka kuanzisha shirika la kuhudumia wazee na familia katani kwake, au tayari analo na anaona halisongi mbele, namsihi aweke nguvu zake kwanza kwenye jambo moja: kiasi kilekile cha fedha, siku ileile ya mwezi, mkononi mwa mzee mwenyewe. Huduma nyingine zote hushika vizuri zikijengwa juu ya hilo.

Kagera ndiko kwa kujifunzia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983, na miaka iliyofuata vijiji vingi vikabaki na nyumba zisizo na kizazi cha katikati: bibi, wajukuu, na makaburi ya wazazi kando ya migomba. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwalipa wazee pensheni ndogo kila mwezi, na nyongeza kwa wanaolea wajukuu. Fedha zile ziliishia kwenye chakula, chumvi, sabuni na mahitaji ya shule. Zanzibar nayo ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016, Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, bila kuuliza kama alikuwa mwajiriwa au mvuvi, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi Sh 50,000. Tanzania Bara hakuna pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, hulipa kaya maskini zilizoandikishwa, kwa kawaida kila baada ya miezi miwili, na hapo katikati ndipo shirika dogo lina kazi.

Kwa nini mwezi kwa mwezi, na kwa nini siku ileile? Kwa sababu ya duka. Muuza duka akijua bibi fulani hulipwa kila tarehe 5, humkopesha sabuni na mafuta ya kupikia tarehe 20 bila wasiwasi. Bibi asiyejua fedha itakuja lini hakopesheki. Chakula kikiisha huenda kulima kibarua shambani kwa mtu akiwa na miaka 75, au huuza mkungu wa ndizi ambao haujakomaa kwa bei ya kutupwa. Malipo yakichelewa wiki mbili, deni la duka halilipwi, na mwezi unaofuata hapewi tena. Ndiyo maana Sh 15,000 isiyokosa tarehe ina nguvu kuliko Sh 40,000 inayokuja ikipatikana.

Kabla ya kuandikisha mtu yeyote, fanya hesabu mpaka mwisho. Chukua wazee 30 kwa Sh 20,000 kila mmoja, na wajukuu 45 kwa Sh 8,000. Hiyo ni 600,000 na 360,000, jumla 960,000 kwa mwezi. Ongeza 200,000 za nauli za wahudumu wanaotembelea kaya, makato ya kutolea fedha, betri na vifaa. Kwa mwaka ni Sh 13,920,000. Kanuni ninayoitetea kwa nguvu zote: usimwandikishe mzee ambaye miezi 12 yake haijakaa benki. Mashirika mengi huanza na wazee 100 kwa fedha ya miezi minne, wakitegemea mfadhili wa pili atakuja. Asipokuja, wazee 100 wamepoteza imani, na atakayefika baada yenu atalipa gharama ya hilo.

Kuwapata wanaostahili

Orodha ya mwenyekiti wa kitongoji ni mwanzo, haiwezi kuwa mwisho. Mwenyekiti anawajua wanaohudhuria mkutano. Hawajui vizuri wasiotoka: kikongwe aliyelala chumba cha uani kwa mwanawe, mzee asiyeona, bibi aliyehamia kwa binti yake kutoka wilaya nyingine na hana jina kwenye rejesta ya kijiji. Anza na orodha hiyo, kisha omba nyingine mbili: moja kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, moja kwa viongozi wa kanisa na msikiti wanaopelekea wagonjwa komunyo au kuwatembelea. Jina lililopo kwenye orodha zote tatu kwa kawaida halina tatizo. Lililopo kwenye moja tu ndilo la kufuatilia kwa miguu, kwa sababu huko ndiko waliko waliosahaulika kabisa, na pia waliopenyezwa.

Umri huleta ubishi. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na tarehe kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA mara nyingine ilikadiriwa siku ya kuandikishwa. Uliza matukio. Wakati wa Uhuru, 1961, alikuwa ameanza shule, ameolewa, au anabebwa mgongoni? Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vilimkuta na watoto wangapi? Aliyekuwa na watoto wawili vita vilipoanza hawezi kuwa na miaka 55. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 huhesabu mzee kuanzia miaka 60, lakini kwa mfuko mdogo ningeanza na 70, isipokuwa anayelea wajukuu bila msaada. Huyo aingie akiwa na 60.

Baada ya kutembelea, majina yasomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji, na yabandikwe ofisini siku 14 ili mwenye pingamizi aseme. Yasomwe majina tu. Hali ya ugonjwa, hasa ya virusi vya UKIMWI, haisomwi wala haiandikwi kwenye karatasi ya ukutani.

Siku ya malipo

Fedha taslimu au simu? Simu ina usalama, ina kumbukumbu, haina foleni. Lakini laini lazima isajiliwe kwa alama za vidole, na vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini mara nyingi vimefutika, mashine haisomi. Jaribuni vidole vyote kumi, baada ya kunawa kwa maji ya uvuguvugu na kupaka mafuta kidogo. Ikishindikana, laini husajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na hapo ndipo fedha huanza kupotea: mjukuu wa kiume wa miaka 19 mwenye laini na namba ya siri ndiye mpokeaji wa kweli.

Nadhani kwa wazee wa vijijini mchanganyiko hufaa. Wenye laini yao na wanaoweza kufika kwa wakala walipwe kwa simu, pamoja na makato ya kutolea juu yake, ili kiasi kilichotajwa kifike kamili. Wengine walipwe taslimu, si zaidi ya kilomita tatu kutoka nyumbani, na asiyetembea apelekewe. Siku ya taslimu iende hivi: watu wawili wa shirika, kamwe si mmoja, fedha zimekwisha kuhesabiwa na kutiwa kwenye bahasha zenye namba, noti ndogo, kwa sababu noti ya 10,000 kijijini haina chenji na muuza duka humlazimisha bibi anunue zaidi, mzee ahesabu mwenyewe au ahesabiwe kwa sauti, aweke sahihi au dole gumba, kisha maji ya kunywa na kivuli. Waanze wenye wajukuu wadogo nyumbani na wagonjwa. Msichanganye siku hiyo na mafunzo ya muda wa saa tatu. Mzee ambaye hajala tangu asubuhi hasikii somo la lishe.

Mwakilishi wa kuchukua kwa niaba achaguliwe na mzee mwenyewe, jina na picha yake vikae kwenye daftari, na ndani ya siku saba mhudumu amtembelee mzee na kumuuliza swali moja akiwa peke yake: "Shikamoo bibi, mwezi huu umepata shilingi ngapi?" Jibu lisipolingana na daftari, mwezi unaofuata bahasha inaletwa nyumbani. Msianze kwa kumkabili mwanawe mbele za watu. Ninyi mtaondoka, bibi atabaki naye usiku.

Kutembelea nyumbani

Mhudumu mmoja, kaya kumi, mara mbili kwa mwezi. Zaidi ya hapo ziara hugeuka kuwa salamu za mlangoni. Achaguliwe mtu wa kijiji hicho anayejua lugha ya nyumbani na asiye na haraka. Vijana wa sekondari wanafaa kuandika, mama wa miaka 45 anafaa kusikia.

Mkobani awe na kipima presha cha mkono wa juu chenye mkanda wa saizi mbili, kipimajoto, miwani ya kusomea ya +1.50, +2.00, +2.50 na +3.00, mkasi wa kucha, sabuni, na kalamu. Presha ipimwe mzee akiwa amekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono usawa wa moyo, bila maongezi. Vipimo viwili, dakika moja au mbili katikati. Kosa kubwa ni kupima mtu aliyetoka kubeba maji sasa hivi, kisha kumtisha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika ziara mbalimbali, apelekwe zahanati. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kuona giza au upande mmoja kulegea, ni siku hiyohiyo, kwa bodaboda ya shirika.

Matibabu kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ni bure kwa mujibu wa sera, na hospitali nyingi zimebandika "Mzee kwanza, mpishe apate huduma." Kinachokwama ni mambo matatu. Mzee hana kitambulisho cha msamaha, ambacho huanzia kwa mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii. Au anacho, lakini dawa ya presha haipo na anaandikiwa akanunue. Au anapewa za siku 14 na hana nauli ya kurudi. Shirika liwe na kifungu kidogo cha dawa na nauli, na mhudumu ahesabu vidonge kila ziara: vilivyobaki ukilinganisha na siku zilizopita husema ukweli ambao mdomo huficha kwa heshima. Wengi huacha dawa kwa sababu "presha imepona." Wengine humeza nusu ili zifike mwisho wa mwezi.

Kisha jikoni. Mafiga matatu, kuni mbichi, hakuna tundu la moshi: macho huwa mekundu mwaka mzima. Mwanza, Shinyanga na Geita bibi vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamekuwa miongoni mwa "ushahidi." Kwa hiyo jiko banifu la udongo na tundu la moshi ukutani ni kazi ya usalama wa uhai wake. Kuni zikaushwe chini ya paa angalau miezi miwili. Jicho lenye ukungu mweupe katikati ya mboni huenda ni mtoto wa jicho, na hilo hutibika kwa upasuaji; kliniki za macho zinazotembea zikija wilayani, orodha yenu iwe tayari.

Maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na bibi akianguka nayo kwenye mteremko huvunjika nyonga, ambayo kijijini mara nyingi humaanisha kutoinuka tena. Nunua madumu ya lita 5. Bora zaidi, kinga maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wa bati wa mita 6 kwa 3 ukipata mvua ya milimita 20 ni lita 360. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 288, zaidi ya ndoo 14. Mfereji wa bati ushuke kidogo kuelekea pipa, na maji ya dakika za mwanzo baada ya kiangazi yaachwe yaoshe paa.

Choo ni mahali ambapo wazee huanguka na hawasemi. Mti mmoja uliosimikwa imara kila upande wa tundu, kwa kimo cha kiuno, humsaidia kuinuka. Asiyeweza kuchuchumaa apewe kiti cha mbao kilichotobolewa, seremala wa kijiji anaweza. Na mkongojo: asimame wima na viatu anavyovaa kila siku, mikono ikining'inia, kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini upigiliwe kipande cha mpira wa tairi. Ushikwe mkono ulio upande wa pili wa mguu unaouma. Wengi huushika upande uleule wa mguu mbovu, na huo huwatupa.

Wajukuu

Kaya ya bibi na wajukuu ihudumiwe kama kaya moja, kwa daftari moja. Shirika la wazee linaloacha watoto kwa shirika la watoto hukuta bibi amelala njaa ili mjukuu ale, na vidonge vyake vinamezwa tumbo tupu.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula bado ni vya mlezi. Mjukuu hutoroka shule kwa aibu ya sare kabla hajatoroka kwa uvivu. Nunueni kitambaa Novemba, mafundi wa kijiji washone Desemba. Januari bei hupanda na mafundi wamejaa. Cheti cha kuzaliwa kifuatiliwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, bibi akiwa bado anakumbuka tarehe na ana kadi ya kliniki ya mtoto. Akishafariki, ushahidi huwa mgumu.

Kwa msichana, mhudumu aangalie analala wapi, mlango unafungwa na nini, na anachota maji saa ngapi. Komeo la chuma la ndani ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kinachozuiwa. Kila mtoto aijue namba 116 ya kupiga bure anapofanyiwa ukatili, na mhudumu amjue kwa jina ofisa ustawi wa jamii wa kata. Kesi ya ubakaji haimalizwi kwa mazungumzo ya ukoo, hata ukoo ukisihi namna gani.

Swali zito kuliko yote liulizwe mapema na kwa upole: bibi akiondoka, watoto hawa watakuwa kwa nani? Yaandikwe majina mawili, si moja, na wote wawili wawe wamekubali mbele ya bibi.

Kibanja

Wajukuu wakibaki bila kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, pensheni yote ya miaka hiyo imekwenda bure. Ndugu wa marehemu baba hufika siku ya matanga. Kagera ilitoa kesi kubwa ya jambo hili: Ephrahim dhidi ya Pastory, rufaa namba 70 ya 1989, ambapo Mahakama Kuu chini ya Jaji Mwalusanya ilimpa mwanamke wa Kihaya haki ileile ya mwanaume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Hukumu ipo, kijijini bado watu husema mwanamke hana ardhi.

Mambo mawili yafanyike bibi akiwa na nguvu. Kwanza, hati ya hakimiliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, jina lake liwemo, mipaka ipandwe miti na majirani wa pande zote washuhudie. Pili, wosia. Kwa kanuni za sheria ya kimila za 1963, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili kwa wawili. Na wosia wa mdomo vilevile wanne. Mashahidi wa maandishi wawe wanajua kusoma na kuandika, na mrithi asiwe shahidi. Unaoharibika mara nyingi ni ule ulioandikwa na mjukuu mwenyewe, shahidi mmoja, bila mtu wa ukoo. Muislamu ana kanuni zake za mirathi. Apelekwe kwa sheikh anayezijua kabla ya kuandika chochote.

Kuhusu kujenga nyumba ya kulelea wazee, ningesema hapana kwa shirika dogo. Serikali ina makazi kama Nunge, Bukumbi na Kolandoto kwa wasio na mtu kabisa. Fedha ya kujenga mabweni ya wazee 20 ingelipa pensheni kwa miaka mingi, na mzee huyo angebaki kwenye migomba yake, jirani zake wakimjua.

Usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, taarifa na ada ya kila mwaka, sahihi mbili benki: hayo yafanyike bila kuchelewa. Ubao wa kijiji ubandikwe kila mwezi kiasi kilichoingia, kilicholipwa na kilichobaki.

Mzee akifariki, malipo yasikatwe mwezi uleule. Pensheni yake iendelee miezi mitatu kwa mlezi aliyetajwa, sanda na jeneza vichangiwe kupitia kikundi cha kuzikana ambacho alikuwa mwanachama wake, na nyongeza ya mjukuu ibaki hadi amalize kidato cha nne. Mwezi wa nne baada ya kifo, nafasi ya pensheni iende kwa jina linalofuata kwenye orodha ya kusubiri. Anayesubiri aambiwe tangu siku ya kwanza yuko nafasi ya ngapi, na akisogea aambiwe tena.